Hifadhi ya Tope la Mtambo wa Gesi ya Samadi



Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyejenga mtambo wa gesi ya samadi huona jiko linawaka, akadhani kazi imekwisha. Sivyo. Gesi huchukua sehemu tu ya samadi. Naitrojeni, fosforasi na potashi zilizotiwa mtamboni hutoka tena karibu zote katika tope. Kwa hiyo tope hilo si taka, ni mbolea. Na hasara yake kubwa haitokei mtamboni, bali shimoni.

Kwanza ni ukubwa wa shimo. Atiaye kila siku ndoo 4 za samadi na ndoo 4 za maji, kila ndoo ikiwa ya lita 20, hupata karibu lita 160 za tope kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 4,800. Shimo la urefu wa mita 2, upana mita 2 na kina mita 1 hujaa kabla ya mwezi kwisha. Tena Ufipa mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Shimo lisilo na paa wala mfereji wa kukinga maji hufurika mapema zaidi, na mbolea ya mwanachama ikateremka hadi kijito wanakoteka maji majirani zake.

Pili ni kufunika. Harufu iwashayo pua ni naitrojeni inayopaa hewani. Wafipa wanalijua jambo hili tangu zamani: katika kilimo cha intumba, nyasi hufukiwa udongoni zikaoza humo, haziachwi juani. Tope nalo litendewe vivyo hivyo. Limiminwe juu ya mabua na nyasi kavu, tabaka kwa tabaka, kisha lifunikwe. Likipelekwa shambani, iwe asubuhi au jioni, na lifukiwe siku ile ile. Lisimwagwe juu ya mboga ziliwazo mbichi.

Tatu ni usalama. Tope likikorogwa shimoni hutoa gesi ya sumu iwezayo kuua kwa pumzi chache. Mtu asiingie humo kamwe, hata kwa nia ya kumwokoa mwenzake, maana watakufa wawili. Shimo lizungushiwe uzio imara, watoto wasilikaribie.

Basi Katibu amtembeleapo mfugaji, asiulize tu kama jiko linawaka. Aende nyuma ya zizi, akalitazame shimo.