Vumbi la Maua Ndani ya Tope

(Hotuba iliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia vya mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya)

Niliombwa niseme juu ya kile kinamasi kilicho juu ya kijiji, ambacho kikundi kimoja kinataka kukichimbia mitaro kipandwe kabeji. Nitafika huko. Kwanza wacha niwaulize: mahindi yakitoa maua, nani hajatoka shambani na vumbi la manjano begani?

Vumbi hilo linaitwa chavua. Chembe moja ya chavua ya mahindi ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na hiyo ni kubwa. Ya nyasi za mwituni ni ndogo zaidi. Lakini ganda lake la nje ni gumu ajabu. Likianguka kwenye udongo mkavu huharibika upesi. Likianguka ndani ya ziwa au kinamasi, chini kabisa mahali pasipo hewa, hukaa maelfu ya miaka. Tena chembe hazifanani. Ya podo ina mifuko miwili ya hewa kama masikio. Ya nyasi ni mviringo wenye tundu moja. Mtaalamu akiitazama kwa darubini hutambua mti ulioitoa, kama vile wewe unavyotambua mbuzi wako katikati ya mbuzi wa jirani.

Basi wataalamu hufanya nini? Huenda na bomba refu, hulisukuma ndani ya tope na kulitoa limejaa. Tope la juu ni la juzi, la chini ni la zamani, kama daftari la mweka hazina lililoandikwa kuanzia chini kwenda juu. Hukata vipande, huviosha kwa asidi kali ili mchanga uyeyuke, na chavua hubaki. Halafu huhesabu chembe mia kadhaa kwa kila kipande. Ni kazi ya kuumiza macho. Umri wa tope hupimwa kwa kaboni iliyo ndani yake, ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730 hivi. Kazi hii ya kuhesabu chavua ilianza kujulikana mwaka 1916, wakati Lennart von Post wa Sweden alipoieleza mbele ya wenzake. Naye alianza kwa hotuba, kama mimi leo.

Sasa tuje kwetu. Huko juu msituni, karibu mita 2,350, kuna ziwa linaloitwa Sacred Lake, yaani Ziwa Takatifu. Mwaka 1964 mtaalamu wa Afrika Kusini, J. A. Coetzee, alichapisha habari za chavua ya huko. Leo ziwa hilo limezungukwa na msitu mkubwa. Lakini tope la wakati wa barafu kuu, kama miaka 20,000 iliyopita, lilijaa chavua ya nyasi na vichaka vya baridi, mimea ambayo leo unaikuta mbali zaidi juu ya mlima. Kumbe mimea ya juu ilikuwa imeshuka kama mita 1,000! Ati msitu huu umekuwepo tangu dunia iumbwe? Tope linakataa. Kulikuwa na baridi na ukavu. Hata Ziwa Victoria lilikauka, zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Mwaka 1997 watafiti wengine waliongeza kwamba baridi peke yake haikutosha kuangusha msitu: hewa ya kaboni ambayo miti huila ilikuwa chache mno wakati ule. Baadaye mvua ilirudi, msitu ukapanda. Kisha, kama miaka 4,000 iliyopita, nchi ikaanza kukauka tena.

Mtasema hayo ni ya zamani mno. Haya, tazameni Naivasha. Mwaka 2000 Dirk Verschuren wa Ubelgiji na wenzake walitoa historia ya miaka 1,100 kutoka kwenye tope la ziwa lile, wakifuata mabaki ya wadudu na mimea midogo ya majini. Mwaka 2003 ikafuata chavua ya ziwa hilohilo. Walikuta vipindi vitatu vya ukame: 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840. Hesabuni wenyewe. Ukame mfupi kati ya hiyo ulikuwa miaka 30! Sisi tunachimba bwawa la kuvumilia msimu mmoja, na tunajiita tumejipanga.

Nisiwadanganye, chavua nayo ina ujanja wake. Podo hupeperusha vumbi lake mbali sana, kwa hiyo huonekana wengi kuliko walivyo. Mti unaotegemea nyuki hutoa kidogo, nao huonekana kama haukuwepo. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu hutumia ushahidi zaidi ya mmoja. Lakini alama nyingine ni wazi: ukikuta chavua ya mahindi, tope hilo haliwezi kuwa la kabla ya meli za Wareno, maana mahindi yalitoka bara la Amerika. Na mikaratusi huonekana kwenye tope la juujuu tu.

Sasa kinamasi. Mwaka 1994, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, mimi na wenzangu tulikata mitaro kwenye kinamasi kama hicho. Mwaka wa kwanza kabeji zilikuwa kubwa kama vichwa vya ng'ombe, tukapigiwa makofi. Mwaka wa pili tope lilikauka, likashuka, likapasuka. Mwaka wa tatu moto wa shamba la jirani uliingia, ukafukuta chini kwa chini wiki nzima. Chemchemi iliyokuwa chini yake ikabaki jasho. Kina mama walianza kutembea saa mbili kutafuta maji, na hakuna aliyetupigia makofi tena.

Kwa hiyo nawaomba mitaro isichimbwe. Kabeji zipandwe chini ya kinamasi, maji yaletwe kwa bomba dogo. Kandokando pandeni miti ya kienyeji. Mikaratusi ipelekwe mbali, kwenye kuni. Na tangi lile mnalochangia, fikirieni kuongeza la pili kabla ya kununua viti.

Naona mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja kabeji. Karibu, mama, sema.