Mkarimu kwa Lipi? Kufundisha Maneno ya Tabia katika Darasa Kubwa la Kiingereza



Mjadala wa lugha ya kufundishia una wenyewe katika ukumbi huu, na wameuendesha kwa miaka mingi kwa ujuzi kunizidi. Leo siugusi. Sera iwe hii au iwe ile, kesho asubuhi mwalimu wa Kiingereza ataingia kidato cha kwanza, na andalio lake la somo litasema kwamba wanafunzi waweze kueleza tabia za watu. Naomba tukae na kipindi hicho kimoja. Nitadai kwamba katika mada hii, kuliko karibu mada nyingine zote za mwaka ule, darasa lenye watoto wa viwango mbalimbali linaweza kufanya kazi moja kwa pamoja, mradi mwalimu aanze na kitendo cha mtu kabla ya kulitaja jina la tabia yake.

Darasa lenyewe mnalijua. Ni shule ya kata. Walio wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza wakikutana nacho kama somo mojawapo. Kwenye madawati yaleyale wamo wachache waliotoka Inglishi midiamu, ambao wamekuwa wakiombea maji kwa Kiingereza tangu chekechea. Ada ya sekondari za serikali ilipofutwa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, waliingia watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Jambo jema hilo, ila kuta za madarasa hazikusogea. Kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 40 kwa darasa. Leo mwalimu akikwambia anao 90 humshangai. Kipindi ni dakika 40. Hata mwalimu akinyamaza kimya tangu kengele hadi kengele, na kila mwanafunzi akapewa zamu ya kusema, hakuna atakayefikisha sekunde 27.

Katika hali hiyo mwalimu hufanya lililo jepesi, na simlaumu. Anaandika ubaoni maneno ishirini: “generous”, mkarimu, “greedy”, mlafi, “gentle”, mpole, “lazy”, mvivu, na kuendelea, pengine yakiwa yamepangwa pamoja na vinyume vyake. Darasa linanakili. Daftari linapendeza. Wiki ya pili mtoto anakuandikia kwamba bibi yake ni “greedy” kwa sababu humpa kila mgeni chakula.

Kosa hilo lina sababu, na sababu si uzembe wa mtoto. Mwaka 1993 Thomas Tinkham alionyesha kwa majaribio kwamba maneno mapya yenye maana za ukoo mmoja, yakifunzwa kwa mkupuo, hukawia kukaa kichwani kuliko maneno yasiyohusiana. Mwaka 1997 Robert Waring alilirudia jaribio hilo kwa wanafunzi wa Japani, na matokeo yakaelekea kulekule. Wote wawili walitumia maneno ya kubuni, wala hawakuwa na watoto 90 wanaobanana kwenye madawati. Lakini mwalimu aliyewahi kufundisha maneno mawili yanayoanza kwa herufi moja, yote ya tabia, moja zuri na moja baya, kwa siku moja, hahitaji kushawishiwa. Maneno yanagombania nafasi. Vinyume ndivyo vinavyogombana zaidi, na ndivyo vitabu vyetu vinavyopenda kuvifunga pamoja.

Tena orodha haina mwisho. Wanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport na Henry Odbert walipopekua kamusi kubwa ya Kiingereza, wakachapisha kazi yao mwaka 1936, walikusanya maneno 17,953 yanayoweza kumweleza mtu. Waliowafuata walikaa miongo kadhaa wakiyachuja mpaka wengi wao wakakubaliana juu ya makundi makuu matano ya hulka. Kama wataalamu walihitaji muda wote huo kuchagua, basi mwalimu naye ana haki ya kuchagua. Mimi ningechukua maneno sita kwa wiki, nisiongeze hata moja, na ningeyachagua kwa vigezo viwili tu: tabia iwe ya kuonekana kwa macho katika kitendo, na neno liwe lile ambalo mtoto atalikuta tena kitabuni kabla mwaka haujaisha. “Honest” linaingia. “Introverted” lisubiri, hata kama liko katika kitabu chenye jalada la kung’aa.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali zaidi. Ukifundisha msamiati wa benki au wa uwanja wa ndege, mtoto aliyewahi kufika huko anamwacha mwenzake mbali hata kabla Kiingereza hakijaanza. Kwa tabia za watu haiko hivyo. Mtoto asiyeweza kuunga sentensi mbili za Kiingereza anajua nani mtaani kwao hukopesha bila kutangaza, nani mbea, nani huwa mpole mbele ya wageni tu. Amekua na hadithi za Sungura na Fisi. Amesikia watu wazima wakimchambua mtu msibani na harusini. Katika kupima watu, huyu na yule wa Inglishi midiamu wako sawa, na pengine huyu wa kwanza anamzidi kwa kuwa amelelewa na watu wengi. Kinachowatofautisha ni maneno ya kusemea. Mwalimu anayeanza na orodha anaanzia palepale walipotofautiana.

Basi aanze na kisa, kwa Kiingereza chepesi kabisa, sentensi tatu au nne. Neema ameokota shilingi 10,000 chini ya dawati. Hakuna aliyemwona. Amempelekea mwalimu. Kisha swali: “What is Neema like?” Hapa pana mtego wa kwanza, kwa maana nusu ya darasa itadhani umeuliza Neema anapenda nini, na utajibiwa kwamba anapenda wali. Cheka nao, eleza mara moja, endelea. Mtoto mmoja atatoa “good”. Mpokee, kisha mpe “honest”. Na kama una bahati, mkono mwingine utanyooka nyuma: huyo si mwaminifu, mwoga tu, alijua noti itatafutwa.

Mkono huo ndio somo. Mpaka hapo neno lilikuwa pambo la daftari. Sasa kuna mtu anayebisha, na anayebishiwa anahitaji “because”. Ubaoni pakae kiunzi kimoja: Neema ni mtu wa namna gani, “because” alifanya nini. Mwanafunzi anayeanza kabisa achague neno kati ya matatu na kunakili kitendo kilichoko ubaoni. Anayemudu atunge kitendo kingine cha Neema kinacholistahili neno lilelile. Aliyekwisha kukimudu Kiingereza apewe kazi ya kupinga: aonyeshe kwamba kitendo hichohicho kinaweza kuwa ushahidi wa tabia nyingine. Kazi ni moja, kisa ni kimoja, na hakuna dawati lililoandikwa kwamba ni la wazito.

Kuhusu watoto hawa wa Inglishi midiamu nina msimamo ambao walimu wengi hawaupendi. Tumezoea kuwafanya wakalimani wa darasa. Inampunguzia mwalimu kazi, kweli, lakini wiki chache baadaye darasa zima linamsubiri mtoto mmoja aseme, naye amechoka. Afadhali awe mbishi wa darasa kuliko kuwa kamusi yake.

Na Kiswahili je? Najua shule zenye kibao cha kuamuru watu waongee Kiingereza tu, na mnajua yanayompata anayekutwa akisema vingine. Katika kipindi hiki ningewapa dakika tatu za kubishana kwa Kiswahili kwenye madawati kabla ya kuandika. Sungura ni mjanja: sawa, lakini ni mjanja wa kusifiwa au wa kuogopwa? Wakishaamua wenyewe, ndipo Kiingereza kitakapowadai wachague kati ya “clever” na “cunning”, na watakuwa na sababu ya kujali tofauti yake. Dakika ya nne tunarudi kwenye kiunzi. Kosa moja litatokea madaftarini bila kukosa: “He is a lazy”. Kwetu mvivu ni mvivu, anasimama peke yake bila kuhitaji neno “mtu” nyuma yake, na mtoto anatafsiri kwa uaminifu. Libandikeni ukutani kwa marekebisho yake, mwache kulipigia kelele upya kila wiki.

Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal na ambaye orodha yake ya maneno ya msingi ya mwaka 1953 bado inatajwa, alichapisha mwaka 1960 kitabu kizima kuhusu kufundisha Kiingereza katika mazingira magumu. Darasa lililozidi wanafunzi 30, wamesongamana na viwango vimechanganyika, kwake lilikuwa tayari gumu. Sijui angesema nini kwa 90. Lakini alishikilia jambo ambalo bado ni kweli: kusoma ni kazi ambayo watoto wote wanaweza kuifanya kwa wakati mmoja bila kusubiri zamu. Hapa kwetu, baada ya ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 kueleza jinsi Kiingereza cha sekondari kilivyodhoofika, juhudi zilizofuata ziliweka mbele vitabu vyepesi vya hadithi. Vitabu vya Richard Mabala, kama Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vimejaa watu wanaotenda mambo yanayoonekana, na neno la tabia likikutwa humo limekuja na kitendo chake. Tatizo ni kabati. Kuna shule ambako vitabu vipo, vimepigwa mhuri, na ufunguo anao mtu aliyehamishwa.

Tahadhari moja, nayo ni nzito. Msiwaambie wanafunzi waeleze tabia za wenzao darasani. Vitabu vingi vya mbinu vinapendekeza hivyo kwa nia njema. Katika chumba chenye watoto 90, neno la Kiingereza alilopachikwa mtu Jumanne huwa jina lake la utani ifikapo Ijumaa, na litamfuata hadi kidato cha nne. Tumieni watu wa kubuni, wa hadithini, wa hadhara. Na mchunguze visa vyenu: kama kila mvulana ni “brave” na kila msichana ni “shy”, darasa limejifunza jambo ambalo halikuwamo kwenye andalio.

Usahihishaji nitaupitia haraka. Madaftari 90 kwa dakika mbili kila moja ni saa tatu, na mwalimu ana mikondo mingine. Wabadilishane madaftari, waulizane swali moja tu: je, kitendo hiki kinathibitisha neno hili? Swali hilo hata dhaifu kabisa analiweza. Mwalimu achukue safu moja kwa siku, atazame sarufi.

Faida yake itaonekana mbele, mtoto atakapofika kwenye maswali ya fasihi na kutakiwa kueleza wahusika kwa kutoa ushahidi wa kitabuni. Chukueni Three Suitors: One Husband, tamthilia ya Guillaume Oyônô-Mbia wa Kameruni. Juliette anakataa kuozwa kwa anayelipa zaidi, kisha fedha za mahari zilizokwisha kupokewa kutoka kwa wachumba wengine zinachukuliwa kwa siri ili Oko, anayempenda, azitoe kama mahari yake. Jasiri au mkaidi? Mwerevu au mwizi? Mwanafunzi aliyebishana juu ya noti ya Neema akiwa kidato cha kwanza hatakuwa na haja ya kukariri jibu la mwalimu, na anaweza kuandika kwamba Juliette ni yote mawili, akaonyesha ukurasa.

Nimetumia dakika zangu. Ndugu Mwenyekiti, naomba maswali yaanze kwa walimu walio na darasa kesho asubuhi, sisi wa chuo tufuate muda ukibaki.