Ndani ya Mwili wa Mbu wa Muleba



Wengi wenu mnaukumbuka mlipuko wa malaria wa mwaka 2006 kule Muleba, mkoani Kagera. Mwaka uliofuata ulianza upuliziaji wa dawa ukoko majumbani, kwa dawa ya jamii ya pairethroidi, jamii ileile inayotiwa kwenye vyandarua. Kufikia 2011 watafiti waliopima mbu wa wilaya hiyo walikuta Anopheles gambiae anaigusa dawa na kuruka zake. Upuliziaji ukahamia dawa nyingine. Vyandarua vikabaki na pairethroidi, maana wakati huo hapakuwa na mbadala wake.

Mbu huyo amejihami kwa njia mbili. Jeni inayohusu mishipa yake ya fahamu imebadilika pale dawa inaposhika, na mwilini mwake vimo vimeng'enya vinavyoisaga dawa kabla haijamdhuru. Hii njia ya pili ndiyo iliyotupa mwanya. Mwaka 2015 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mwanza, chuo kikuu cha tiba cha KCMC Moshi na wenzao wa London waligawa vyandarua vyenye PBO, kemikali inayovifunga vimeng'enya hivyo, katika nusu ya maeneo 48 ya utafiti wilayani Muleba. Baada ya miezi 9, watoto wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 29 palipokuwa na PBO na asilimia 42 palipokuwa na vyandarua vya kawaida. Baada ya miezi 21 walikuwa asilimia 45 kwa 62. Septemba 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo, na ushahidi mkubwa ulikuwa huu wa Muleba. Jambo hili tulitangaze kwa fahari zaidi kuliko tunavyofanya.

Lakini kwa nini mbu mmoja atengeneze vimeng'enya vingi na mwenzake vichache? Kila seli ya mbu ina jeni zilezile. Tofauti huletwa na zipi zinafanya kazi, wapi, na saa ngapi. Miongoni mwa vinavyoamua hayo ni RNA ndogo ziitwazo maikro-RNA, nyuzi zenye nukliotidi kama 22 tu. Hushikamana na RNA mjumbe inayopeleka agizo la kutengeneza protini, na agizo likapungua nguvu. Haziizimi taa, hushusha utambi. Victor Ambros na Gary Ruvkun walizigundua kwa mnyoo mdogo, wakatangaza mwaka 1993, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Ili kuzisoma lazima umpasue mbu. Unamlegeza kwa baridi, unamweka kwenye tone la maji ya chumvi chini ya hadubini, unamshika kifua kwa sindano moja na kwa nyingine unavuta polepole pingili za mwisho za tumbo. Unatoka utumbo, na ovari mbili zikining'inia. Kwenye ukuta wa tumbo hubaki tishu ya mafuta, nyeupe, ambayo kwa mbu hufanya kazi nyingi ambazo kwetu hufanywa na ini. Ukichelewa, RNA inaoza. Hata vimeng'enya vya vidoleni mwako vinatosha kuiharibu. Ufundi huu si mgeni nchini: Gillies na Wilkes walisoma umri wa mbu kwa ovari zao kule Muheza, wakachapisha mwaka 1965.

Mwaka 2018 Lampe na Levashina wa Taasisi ya Max Planck, Berlin, walitoa ramani ya maikro-RNA za mbu wa malaria, tishu kwa tishu. Mwaka uliofuata kundi lao likaonyesha kazi ya mojawapo, miR-276. Mbu jike akishanyonya damu, asidi amino za damu hiyo hutumika kutengeneza mayai. Kisha miR-276 hupanda na kusimamisha matumizi hayo. Watafiti walipoinyamazisha, mbu aliendelea kutumia, akazaa zaidi, na vimelea vya Plasmodium falciparum vikashindwa kukomaa vizuri hadi hatua ya kuambukiza. Maana yake kimelea huishi kwa akiba inayobaki mama mbu akishamaliza mayai yake. Sijui habari ya mbu inayonisisimua kuliko hii.

Mbu wale walifugwa maabara. Wa Muleba wamepita kwenye miaka ya dawa ukutani na chandaruani, na ndio wanaoingia nyumba zetu. Nchini China, kwa mbu wa jamii ya Culex, imeshaonekana kuwa baadhi ya maikro-RNA huhusika na usugu dhidi ya deltamethrin, mojawapo ya pairethroidi. Swali la kama ndivyo ilivyo kwa Anopheles wa Kagera, kwa utumbo wake na tishu yake ya mafuta, linatuhusu sisi kwanza, na mahali pa kulijibia ni hapahapa. Ninawaomba wenye mamlaka ya bajeti watupe hadubini, friji za baridi kali na vijana wa kufundishwa kupasua mbu.

Kwenu wazazi, hakuna dawa ya RNA ya kugawa kesho. Laleni ndani ya chandarua. Na mtafiti akibisha hodi jioni, akaomba kutundika mtego wa taa karibu na kitanda, mkaribisheni, kisha mdaini majibu.