Kupima Barabara kwa Mwanga

Mliokaa nyuma sogeeni karibu na redio, maana leo kuna hesabu kidogo.

Tumepata barua kutoka kwa mzee mmoja wa darasa la jioni. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, na herufi zake zimesimama vizuri. Anasema ana kijana wa miaka 19 ambaye kila jioni huenda kwenye kibanda cha michezo ya video. Huko huendesha motokaa za mashindano ndani ya kioo cha televisheni. Kijana huyo anasema anaijua barabara moja ya Ujerumani, kona baada ya kona, naye hajawahi kutoka nje ya wilaya yake. Sasa anaomba ufunguo wa pikapu ya baba yake. Mzee anauliza: Je, barabara hiyo ipo kweli, au ni picha ya kuchorwa tu?

Ipo, mzee wangu. Jina lake ni Nürburgring. Mwalimu, tafadhali liandike ubaoni. Ilifunguliwa mwaka 1927 katika vilima vya Eifel. Ule mzunguko wake mrefu una kilomita 20 na zaidi kidogo, unapita msituni, na kati ya mahali pa chini kabisa na mahali pa juu kabisa kuna tofauti ya mita 300 hivi. Imo katika michezo mingi ya video. Kwa mfano, mchezo uitwao Gran Turismo 4, uliotoka mwaka 2004, ulikuwa nayo.

Basi, barabara nzima inaingiaje ndani ya kioo? Zamani watengenezaji walitumia ramani, picha na macho yao. Kona zilikuja mahali pake, lakini miinuko ilikuwa taabu. Picha huficha mlima. Mtu akikuonyesha picha ya njia ya kwenu, hutajua jinsi inavyochosha miguu. Tena baadhi ya watengenezaji walipanua barabara kwa makusudi, ili mchezaji asigonge ukingo kila mara akakasirika.

Siku hizi wengi hupima kwa mwanga wa leza. Tuanze na jambo mnalolijua. Ukisimama mbele ya jabali ukapiga kelele, sauti huenda ikagonga jabali, kisha ikarudi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde moja. Kama umesikia mwangwi baada ya sekunde 2, sauti imesafiri mita ngapi? Mara mbili 340, ni 680. Lakini hiyo ni kwenda na kurudi. Basi jabali liko mbali mita 340.

Mashine ya leza hufanya hivyo hivyo, ila hutuma mwanga badala ya sauti, na mwanga huenda kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Mashine huzunguka, ikipima lami, ukingo, uzio na miti, nukta moja moja, mpaka zikawa mamilioni. Kisha kompyuta huziunganisha nukta hizo ikapata umbo la barabara. Mchezo wa iRacing, ulioanza mwaka 2008, hupima njia zake kwa namna hii. Hata nundu ndogo ya lami huonekana.

Pengine mtasema, nundu ndogo ina maana gani? Sikilizeni. Katika Nürburgring pana mahali panapoitwa Flugplatz, yaani kiwanja cha ndege. Hapo barabara hupanda, kisha hushuka ghafula, na motokaa yenye mbio huwa nyepesi kama unyoya. Mwaka 2015 motokaa ya mashindano iliinuka mahali hapo, ikaruka juu ya uzio. Mtazamaji mmoja alifariki. Dereva alipona. Jina lake ni Jann Mardenborough, Mwingereza, na mlango wake wa kuingia katika mashindano ulikuwa mchezo huo huo wa Gran Turismo. Alishinda shindano la wachezaji mwaka 2011, akiwa na miaka 19, akafundishwa udereva wa mashindano, na mwaka 2013 akashindana Le Mans, Ufaransa.

Baada ya ajali ile nundu za Flugplatz zilisawazishwa. Fikirini basi: kila kipimo kilichochukuliwa kabla ya hapo kinaonyesha barabara ambayo haipo tena. Kipimo kilikuwa sahihi siku ile, lakini barabara huzeeka, na hutengenezwa.

Na barabara ya udongo je? Mbio za Safari Rally za Kenya nazo zimeingia katika michezo ya video, kama EA Sports WRC ya mwaka 2023. Lakini ile njia ya vumbi karibu na Naivasha, mvua ikinyesha usiku, asubuhi si ile ya jana. Gari kumi zikipita, ya kumi na moja hukuta mifereji mipya. Hapo mtengenezaji hubaki kuiga tabia ya nchi, na mimi simlaumu.

Sasa, mzee wetu, habari ya ufunguo. Kijana wako huenda anaijua Nürburgring kweli, nami nisingemwita mwongo. Lakini kioo hakimsukumi kifua anapofunga breki, wala hakina mtoto anayevuka njia akifuata mpira. Hata huyo Mardenborough alifundishwa kwanza. Mpeleke kwa mwalimu wa udereva, apate leseni, ndipo mzungumze habari za pikapu.

Wanafunzi, andikeni hesabu hii katika daftari: mwangwi umerudi baada ya sekunde 3. Jabali liko mbali mita ngapi? Mwalimu atasahihisha kesho. Kwaherini.