Maria Magdalena Hakuwa Kahaba

Waumini wa Kasingirima, katika mji wa Ujiji, wakizisoma Injili hawataona popote Maria Magdalena akiitwa kahaba. Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 591, Papa Gregori Mkuu alipomuunganisha, katika homilia, yaani mahubiri ya kufafanua Injili, na Maria wa Bethania pamoja na mwenye dhambi asiyetajwa jina katika Luka 7, wanawake watatu wakawa mmoja. Aliyedhulumiwa hivyo kwa karne nyingi ndiye aliyemwona kwanza Yesu mfufuka katika Yohana 20. Mwaka 2016 Kanisa Katoliki liliipandisha kumbukumbu yake ya Julai 22 kuwa sikukuu, sawa na za mitume.