Picha Tunazozipiga na Picha Tunazoziokota

(Hotuba fupi iliyotolewa mbele ya wanafunzi na wanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kwanza sina budi kutoa shukrani kwa heshima hii. Nilipokuwa kidato cha pili nilikaa kwenye viti vile vya nyuma nikisinzia wakubwa walipohutubia, kwa hiyo sitawalaumu watakaosinzia leo.

Nimeombwa niseme juu ya picha, kwa kuwa baada ya saa za kazi serikalini hupenda kuandika habari za mji wetu, na maandishi bila picha siku hizi hayasomwi. Picha hupatikana kwa njia mbili: kuipiga mwenyewe, au kuitafuta kwa aliyeipiga.

Nianze na kosa langu. Miaka mingi iliyopita niliandika makala juu ya umaskini mijini. Nikapita stendi, nikamwona mzee fundi viatu ameinama juu ya kazi yake, miguu mitupu. Nikampiga picha kwa mbali, nikaondoka. Makala ilipochapishwa nilisifiwa sana. Baada ya mwezi nilimpelekea viatu vyangu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akachomoa karatasi chini ya sanduku lake. Ilikuwa makala yangu.

Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kazi hii imenijengea nyumba na kusomesha watoto wanne. Huo umaskini uliuona wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, na wiki iliyofuata nikaandika masahihisho. Kisha nikamwomba ruhusa ya kumpiga picha nyingine. Akavaa kofia yake, akapanga viatu vilivyokwisha tengenezwa, akanitazama usoni. Alipofariki, watoto wake walinijia kuomba picha hiyo ya pili, kwa maana hawakuwa na nyingine. Ile ya kwanza hakuna aliyeiulizia.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla ya kupiga picha ya mtu, salimu kwanza, uliza, na ueleze utaitumia wapi. Akikataa, shukuru uende zako. Kwa mtoto, mwulize mzazi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatukumbusha kuwa habari za mtu si mali ya kuchezewa. Lakini adabu ilitufundisha hayo kabla ya sheria.

Juu ya ufundi, nina machache. Futa kioo cha simu, kwani alama za vidole hutia ukungu. Piga asubuhi au jioni. Jua la saa sita huwatia watu kivuli machoni. Usivute picha kwa vidole, bali sogea kwa miguu. Na siku ile ile andika nani, wapi na lini. Ofisi nyingi zina picha za zamani ambazo hakuna tena awezaye kutaja waliomo.

Sasa picha za kutafuta. Wengi hudhani kila kilichomo katika intaneti ni cha wote. La hasha! Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Aliyepiga picha ana haki yake hata kama hakuiandikisha popote. Kuandika "imetoka intaneti" ni sawa na kusema "kuku huyu ametoka barabarani".

Hata hivyo, wapo watu wakarimu. Tangu mwaka 2002 kumekuwako leseni za Creative Commons, ambazo kwazo mwenye picha hutangaza masharti yake mapema. Nyingi hudai utaje jina lake. Baadhi hukataza biashara, na nyingine hukataza kuibadili picha. Hazina ya Wikimedia Commons, iliyoanzishwa mwaka 2004, imejaa picha za namna hiyo. Soma masharti, taja jina la mpigaji na leseni yenyewe, na usiiweke picha ya nchi nyingine ukaiita kijiji chako. Msomaji akikugundua mara moja, hatakuamini tena.

Ndugu zangu tuliomaliza zamani, mna picha za shule hii ndani ya masanduku. Zileteni kabla mchwa hawajazisoma, na nyuma yake mwandike majina mngali mkiyakumbuka. Wadogo zetu, mna simu sasa kuliko sisi tulivyokuwa na kalamu. Mpigeni picha mpishi, mlinzi na mwalimu wenu, kwa idhini yao, ili wenyewe wakiziona wajitambue kwa furaha.