Kelele za Feni ya Kompyuta: Kabla Hujamlipa Fundi



Mwaka jana kompyuta yangu ya mezani ilianza kuvuma kama mashine ya kusaga. Fundi mmoja aliniahidi kuinyamazisha kwa nusu saa, nami nikamlipa. Kweli ilinyamaza. Siku ya tatu ikazimika yenyewe katikati ya kazi. Nikaiwasha, ikazimika tena. Kumbe alikuwa ameifunga feni kwenye kasi moja ya chini, isiyopanda hata joto linapopanda. Vumbi, ambalo ndilo lililokuwa chanzo cha kelele, hakuligusa.

Feni haivumi bila sababu. Kompyuta hupima joto la prosesa na kuiamuru feni iongeze mbio kadiri joto linavyozidi. Joto likifikia kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi za sasa ni nyuzijoto 90 hadi 105, prosesa hujipunguzia kasi ili ijiokoe. Isipofaulu, kompyuta huzimika. Kwa hiyo fundi anayekuuzia ukimya bila kupima joto kabla na baada ya kazi, amekuuzia nusu ya huduma.

Anzeni na vumbi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, zuia mapanga ya feni yasizunguke, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini. Feni inayokwaruza hata baada ya kusafishwa imechakaa. Hiyo hubadilishwa kwa nyingine ya kipimo kilekile.

Ikiwa ni safi na bado inavuma, hapo ndipo kasi irekebishwe. Jambo la kufurahisha ni kwamba kelele hupungua upesi kuliko upepo. Feni ikishushwa kutoka mizunguko 1,500 kwa dakika hadi 1,200, upepo hupungua kwa moja ya tano tu, ilhali kelele hushuka kwa takriban desibeli 5, tofauti ambayo sikio huitambua. Katika kompyuta nyingi za mezani, ukurasa wa mipangilio hufunguka kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu unapowasha. Humo mna mstari unaoonyesha kasi ya feni kwa kila kiwango cha joto. Shusha sehemu ya chini ya mstari, ya joto la kazi nyepesi, lakini iache feni ifikie kasi yake kamili joto linapokaribia nyuzi 80. Kama kuna nafasi ya kuchelewesha mabadiliko kwa sekunde chache, itumie, maana kinachokera zaidi ni ule mvumo wa kupanda na kushuka.

Tazameni pia plagi ya feni. Yenye pini 3 hudhibitiwa kwa volti, yenye pini 4 kwa mapigo ya umeme. Ya pini 3 ikiwekwa kwenye mpangilio wa pini 4, hukimbia kwa kasi kamili mchana kutwa, na mtu akadhani ni mbovu.

Kompyuta mpakato nyingi hazitoi uhuru huo. Tumieni hali ya ukimya iliyowekwa na mtengenezaji. Iliyo ndani ya dhamana isifunguliwe kabla ya kumwuliza muuzaji. Na mkienda kwa fundi, daini risiti inayotaja kazi iliyofanyika: kusafisha, kubadilisha feni, au kupunguza kasi. Yangu ilipona kwa brashi na dakika ishirini, baada ya kurudisha mipangilio ya awali.